Kasa Wadogo wa Juani na Watoto Wetu

Likizo ya watoto ikifika, akina mama wengi tunachoka kuliko siku za shule. Tunapika, tunafua, tunaamua ugomvi, na watoto wanakaa mbele ya televisheni hadi macho yanawauma. Ndiyo maana sisi akina mama sita, majirani wa hapa Dar es Salaam, tulianza kuchangishana fedha kidogo kidogo kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja na nusu tuliwapeleka watoto Mafia.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani iliyozungukwa na bahari, ng'ambo ya mahali mto Rufiji unapomwaga maji yake. Wenye uwezo huenda kwa ndege ndogo. Sisi tulipanda basi hadi Nyamisati, kisha chombo hadi Kilindoni. Ni kisiwa cha kimya, na mtoto aliyezoea honi za daladala huanza kusikia minazi. Mwaka 1995 sehemu ya bahari yake ilifanywa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 822. Kuanzia Oktoba hadi Februari huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Sisi tulikwenda mwezi Juni, msimu ambao mayai ya kasa huanguliwa.

Siku ya kwanza tulivuka kwa mashua kutoka Utende hadi kisiwa kidogo cha Chole kuwaona popo wakubwa walao matunda. Mchana hulala wakining'inia kwenye miti mirefu. Wengine hujipepea kwa mbawa zao kama bibi mwenye kipepeo siku ya joto. Tuliwaeleza watoto kwamba popo hao hutawanya mbegu za miti. Tuliwaeleza pia wasiokote embe lililotafunwa na popo, wala kumshika popo aliyeanguka, kwa kuwa popo anaweza kubeba magonjwa.

Siku ya pili tulikwenda Juani. Fukwe zinazopendwa na kasa ziko upande wa mashariki, kwa hiyo tulikatiza kisiwa kwa miguu, tukipita kijijini na vichakani. Mzee mmoja mlinzi wa viota alitutangulia.

"Shikamoo mzee," watoto walimwamkia.

"Marahaba wanangu. Leo hakuna kupiga kelele, wala kuwasha tochi."

Alitueleza sababu zake. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja au zaidi, hufukia na kurudi baharini. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Mlinzi huhesabu siku, hivyo hujua kiota kipi kimekaribia. Kifaranga akitoka huifuata nuru iliyo juu ya bahari. Akiona taa ya nyumba au tochi, huenda upande huo na kufa njiani.

Tulikaa mchangani kwa muda mrefu. Watoto tisa, wote kimya! Kisha mchanga ukabonyea kidogo, kikatokea kichwa kimoja cheusi, na mara wengi wakafumka pamoja. Walikuwa wadogo kuliko kiganja cha mtoto. Walijikokota kuelekea majini, wakianguka katika nyayo zetu na kuinuka tena. Mmoja wa watoto alitaka kumbeba aliyekuwa nyuma. Mzee akamzuia kwa upole: "Mwache aende mwenyewe, mwanangu. Wewe mfukuzie kaa tu."

Mtoto mwingine akauliza, "Mama yao yuko wapi?"

Sisi akina mama tulitazamana. Mzee akajibu kwamba mama yao yuko baharini, wala hawatamjua. Lakini jike akinusurika, baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, hurudi kutaga karibu na ufukwe aliozaliwa. Zamani, alisema, aliyekuta kiota alifurahi kwa kuwa amepata kitoweo. Tangu mwaka 2001 kumekuwa na mradi wa kuwalinda kasa wa Mafia, ambao leo uko chini ya shirika la Sea Sense. Mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota hupewa zawadi, na sehemu ya fedha za wageni hubaki kijijini.

Hapo ndipo sisi wauguzi tulipoongeza letu. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu, na hakuna anayeweza kuitambua kwa macho, harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, na dawa ya kuivunja nguvu haipo. Watoto wadogo ndio huzidiwa zaidi. Hata mtoto anayenyonya anaweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula. Akianza kutapika, kuwashwa koo au kusinzia kupita kawaida, akimbizwe hospitali upesi.

Kwa hiyo, mama mwenzetu unayeishi pwani, ukiletewa nyama hiyo kama zawadi, ikatae kwa heshima. Kasa analindwa na sheria, na kumwacha hai ni kuwalinda pia wanao.

Nanyi mnaopanga safari kama yetu, anzeni kuweka akiba mapema. Ulizeni kwanza ni siku zipi viota vinatarajiwa kufunguka. Bebeni maji ya kunywa, kofia na viatu vya kukanyagia miamba. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea ndani ya mashua, hata kama bahari imetulia. Usiku laleni ndani ya chandarua. Mkifika ufukweni, okoteni mifuko ya plastiki, kwa maana kasa huimeza akidhani ni chakula.

Watoto wetu sasa wanabishana juu ya jambo jipya: nani atawapeleka wanawe Juani kumwona kasa yuleyule akirudi kutaga. Ugomvi huo hatuuamui.