Bluzi ya Mama



Mama yetu ni mwuguzi. Pale anapotumika hakuna mashine ya kufulia, basi kila jioni anarudi na bluzi yake. Sisi tulikuwa tunaifua kwa maji baridi, beseni moja na nguo za mtoto. Hatukuwaza mubaya. Lakini tukumbuke Kikwit, mwaka 1995: Ebola iliua wauguzi wengi.

Kwenye mashine, maji ya digri 71 kwa dakika 25 yanaua vijidudu vingi. Sisi tuna makala na sufuria. Tulimwambia Mama kwa heshima. Akanyamaza, kisha: “Wanangu, nilijua. Ni kuchoka tu.”

Sasa bluzi ina beseni yake. Tunaichemsha, tunaianika juani, tunaipiga pasi. Yenye damu inabaki kazini. Na kwenu, munafua namna gani?