Safari ya Duru: Msitu Unaofundisha

Tulipokuwa Bagara, katika mji wa Babati, tulizoea kuutazama Mlima Kwaraa asubuhi ukivuliwa ukungu kidogo kidogo, kisha ziwa lenye viboko. Walimu waliotukaribisha wakatushauri tusiishie hapo, bali twende Duru, tukaone jinsi watu wanavyojifunza habari za miti.

Basi twalikwenda. Msitu wa Duru-Haitemba ni wa miombo, umetandaa vilimani kadiri ya hekta 9,000, nao umezungukwa na vijiji vinane. Hapana ubao wala kengele. Wakulima ndio wanaofundishana, chini ya miti yenyewe.

Somo hilo walilipata kwa uchungu. Zamani Serikali ilipokusudia kuufanya msitu kuwa hifadhi yake, wanavijiji waliogopa kunyimwa mali yao. Wengine wakaingia na mashoka, maana mtu hatunzi kitu anachojua kwamba kesho si chake. Mwaka 1994 shauri likageuzwa: kila kijiji kikapewa sehemu yake kuitunza. Wakaweka mipaka na sheria zao: kuchoma makaa marufuku, kufyeka shamba jipya marufuku, kubambua magome ya mti mzima ili kufanya mzinga marufuku, bali kuokota kuni kavu ni ruhusa. Vijana wakachaguliwa kuwa walinzi, nao wakasamehewa kazi nyingine za kijiji.

Yatupasa kusema kwamba twakiheshimu Chuo cha Mweka, kule Kilimanjaro, kilichofundisha maofisa wa wanyamapori tangu mwaka 1963. Lakini mlinzi wa Duru naye ana elimu yake. Ajua ya kuwa mti wa miombo ukikatwa, kisiki huchipua tena, ila machipukizi yasiliwe na mbuzi wala kuunguzwa na moto. Kazi yake kubwa ni kungoja. Mwaka 2002 Sheria ya Misitu ilivipa vijiji vya Tanzania Bara nafasi ya kuwa na misitu yao ya hifadhi.

Mwaka huo huo Mkoa wa Manyara ulianzishwa, na Babati ikawa makao yake makuu. Watu wameongezeka, na wote hupika. Tuliporudi Bagara jioni tulikuta magunia ya makaa yamepangwa kando ya njia. Tukamwuliza mwenye kuuza yametoka msitu gani. Akatutajia bei.