Kompyuta Ngapi Zishike Usukani?

Jina la Kubernetes latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Programu hiyo, iliyotolewa na Google mwaka 2014, hugawia kundi la kompyuta kazi zilizofungwa katika makontena. Kompyuta moja ikizimika, kazi zake huhamishiwa nyingine.

Fundi akabidhiwaye kuisimika, tuseme kwa ajili ya orodha za mishahara, hupaswa kwanza kuamua ni kompyuta ngapi zitakazoongoza. Moja ikifa, hakuna wa kuamuru. Wengi hukimbilia mbili, na hapo ndipo penye mtego. Daftari la kundi, liitwalo etcd, haliandikwi ila kwa akidi, yaani zaidi ya nusu ya viongozi. Mmoja wa wawili si zaidi ya nusu! Kazi zilizokwisha anza huendelea, lakini kompyuta inayoziendesha ikizimika, hakuna wa kuzihamishia nyingine, na familia husubiri mshahara.

Tatu huhimili kifo cha moja. Tano, cha mbili. Nne ni gharama bure, kwani nazo huhimili cha moja tu. Kwa idara ndogo, afadhali tatu za kawaida kuliko mbili za fahari, mradi zisitegemee zote waya mmoja wa umeme.