Mizingani Tuliyoirithi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini Malindi, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nami nikitoka skuli ndiye niliyempelekea chakula cha mchana. Tulikaa Shangani, kwa hiyo barabara ya Mizingani yote ilikuwa njia yangu. Bahari kushoto, kulia Ngome Kongwe, kisha Beit al-Ajaib, kisha kasri la masultani, kisha Forodha ya zamani. Nikifika Mti Mkubwa, uliopandwa mwaka 1911, nilikuwa nikisimama kivulini kuwatazama mafundi wa majahazi wakikalafati.

Hatua chache mbele ilikuwapo Dispensari Kongwe. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama za tajiri Tharia Topan. Chini palikuwa pa kutolea dawa, juu wakikaa madaktari. Sikuikuta katika uzima huo. Wenyewe walikwisha ondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na mimi nilichokiona ni roshani zilizochongwa kwa ufundi wa ajabu, mbao zimepauka, vioo vya rangi vimevunjika, na mimea imeota kwenye nyufa. Mama alinikataza kupita chini yake wakati wa masika.

Haikuwa hofu ya bure. Nyumba za mtaani kwetu zilikuwa zikianguka. Usiku mmoja wa mvua tulisikia kishindo, na asubuhi tukakuta ukuta wa jirani umelala njiani, boriti zimechomoza juu ya kifusi. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Familia ile ilihamia Ng'ambo na haikurudi.

Sababu nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima, katika miaka ya 1990, wakati taasisi ya Aga Khan ilipoikarabati Dispensari na mji mzima ukapita kutazama. Siku zile fundi mmoja mzee alikuwa akitengeneza nyumba nyuma ya barabara. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone."

Alibandua kwa patasi kipande cha saruji kilichopakwa ukutani miaka ya nyuma. Nje kilikuwa kikavu, kigumu. Nyuma yake jiwe la matumbawe lilikuwa limeloa chepe, na alipoligusa kwa kidole likamomonyoka. Akanionyesha ncha ya boriti ya mkoko iliyoingia ukutani: imeoza, laini. Akanieleza kwamba chokaa huyapitisha maji yakatoka, lakini saruji huyafungia ndani. Maji yakikaa, jiwe hulegea na boriti huoza, na dari nzima inaning'inia hapo. Aliyepaka saruji alidhani anaitibu nyumba.

Dispensari ilisimama tena, na roshani zake zikarudi kama nilivyosimuliwa na wazee. Tangu hapo siamini mtu akiniambia jengo fulani limekwisha, haliwezi kuokolewa.

Ndiyo maana habari ya tarehe 25 Desemba 2020 iliniumiza sana. Mnara wa Beit al-Ajaib uliporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilijengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, likawa na umeme na lifti wakati wengi wetu hatujui hata taa ya karabai. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza zilipoipiga Mizingani mizinga, Beit al-Hukm ya pembeni iliteketea, lakini Beit al-Ajaib ilibaki imesimama. Mnara wenyewe uliongezwa baada ya vita vile. Jengo lililostahimili mizinga tuliliona likianguka siku ya amani, baada ya miaka mingi ya nyufa ambazo kila mpita njia alizijua.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na fahari hiyo ni yetu. Lakini cheti hakizibui mfereji wa paa. Nyumba hizi zinataka mtu apande juu kabla ya masika, aondoe majani, azibe ufa ungali mdogo, tena kwa chokaa. Zinataka vijana wafundishwe kuchoma na kuloweka chokaa wakati mafundi wazee wangali hai, na walipwe vizuri ili kazi isiwakimbie. Serikali, wakfu na wapangaji, kila mmoja ana sehemu yake. Gharama ya mfereji ni ndogo, na ya kifusi tumekwisha ilipa kwa roho za watu.