Homa ya nguruwe: si ulozi, ni safari



Nguruwe wakianza kufa upesi upesi kilimani kwetu, neno la kwanza la watu ni hili: «Nani ametuloga?» Na la pili: «Ugonjwa huu ni mpya, wazee wetu hawakuujua.» Mimi nami nafuga nguruwe hapa Kivu, na pesa zao ndizo zinazosomesha watoto wangu. Basi, tuyapime maneno hayo mawili.

Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa habari zake mara ya kwanza mwaka wa 1921, huko Kenya. Je, ilizaliwa siku zile? Hapana. Virusi vyake vilikuwa vikikaa tangu zamani ndani ya ngiri wa porini, na ndani ya papasi waishio katika mashimo yao. Ngiri haugui kwa virusi hivyo. Lakini walowezi walileta nguruwe wa Ulaya, wakawafuga karibu na pori. Miili ya wageni hao haikuzoea ugonjwa ule, nao wakafa karibu wote. Kumbe, ugonjwa haukuwa mpya; nguruwe ndio waliokuwa wapya! Magonjwa mengi ya mifugo tunayoyaita mapya huanza vivyo hivyo: mtu anasogeza mifugo yake porini, nayo inakutana na kilicholala humo.

Kisha ugonjwa ulisafiri, na aliyeubeba ni mtu. Virusi hivi hudumu miezi katika nyama mbichi iliyotiwa katika barafu. Mwaka wa 1957 vilifika Ureno, karibu na Lisbon. Mwaka wa 2007 vilifika Georgia. Mwaka wa 2018 China, nchi iliyokuwa na karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia. Wataalamu wanadhani kwamba huko Lisbon na Georgia nguruwe walilishwa mabaki ya chakula ya ndege na ya meli. Nani aliwaloga Wareno?

Kwetu ugonjwa hauhitaji meli. Nguruwe anakataa chakula, mwili unawaka moto, masikio yanageuka mekundu. Mwenyewe anaelewa. Usiku anamwita mchinjaji, anamwuzia kwa nusu ya bei. Ugonjwa huu haumshiki mtu, kwa hiyo mlaji haogopi. Lakini damu inamwagika njiani, mifupa na maji ya kuoshea nyama yanatupwa katika chakula cha nguruwe wengine, na baada ya siku chache jirani naye analia.

Tumhukumu mwuzaji? Mimi siwezi upesi hivyo. Mfikirini mjane mwenye nguruwe wawili tu. Akitangaza ugonjwa, anapoteza wote wawili, wala hakuna wa kumlipa. Akinyamaza, anaokoa pesa za chumvi na za masomo. Kumwambia «Sema kweli, mama» ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara. Dawa ya kuponya nguruwe mgonjwa haipo. Kinga yetu kubwa ni kusema mapema, na kusema mapema kunamfilisi maskini. Hapo ndipo penye shida yote.

Kwa hiyo sisi wafugaji wa kilima chetu tulipatana. Mwenye kutangaza mara moja, akazika mizoga chini sana, akaosha kibanda na kukiacha kitupu siku 40, atapewa mtoto wa nguruwe na wenzake wenye majike, kwa zamu. Anayeficha hapewi kitu. Tena kila mmoja afunge nguruwe wake kibandani, asiwaache kuzurura; apike mabaki ya jikoni mpaka yachemke sana kabla ya kuwalisha; na mgeni asiingie kibandani na viatu alivyovaa sokoni.

Wengine wanasema mtoto wa nguruwe ni zawadi kubwa mno kwa mtu aliyefanya tu lililompasa. Mimi nawajibu: pigeni hesabu. Mtoto mmoja wa nguruwe, au vibanda vya kilima kizima vitupu?