Hesabu Zetu, Programu ya Mwenzetu
Hesabu za kahawa za kikundi chetu hapa Kalinzi zimo katika programu ya Windows. Tarehe 14 Oktoba, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta yetu kuukuu haikuweza kupokea Windows 11. Binti yangu akaweka Linux, mfumo wa jamii ya Unix, pamoja na Wine, iliyoanza mwaka 1993 ili kuendesha programu za Windows pasipo Windows. Hesabu zikafunguka; stakabadhi zikagoma kuchapwa, na wakulima wamesimama mlangoni. Muuzaji wa programu akajibu, “Huko hatuhudumii.” Tukaandika kwa mkono hadi usiku. Sasa kabla ya kununua nauliza: mkituacha, hesabu zetu tutazitoaje? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.