Kurasa 500, Swali Moja kwa Dakika Tatu

Mtanzania aliyesomea uhandisi nyumbani akahamia Marekani, siku akiutaka usajili wa kule, mara nyingi huanzia kwenye mtihani uitwao FE. Maswali 110, muda saa 5 na dakika 20. Kila swali halipati hata dakika 3. Vitabu na daftari hubaki nje. Ndani kuna kikokotoo cha aina zilizokubaliwa na, kwenye kioo cha kompyuta kando ya maswali, mwongozo wa kanuni wa kurasa karibu 500.

FE ulihamia kwenye kompyuta Januari 2014. Kaka yake, mtihani wa PE unaofuata baadaye, kwa wahandisi wa ujenzi ulibaki wa karatasi hadi 2021, na watahiniwa walifika wakiburuta masanduku ya vitabu vilivyobandikwa vikaratasi vya rangi kila pembe. Sasa hakuna pa kubandika. Mwongozo wenyewe hupakuliwa bure kwa NCEES, wasimamizi wa mtihani, lakini alama ambazo mtu anazitia kwenye nakala yake hazimfuati hadi chumba cha mtihani.

Kwa hiyo mazoezi ya watahiniwa ni ya kuchagua neno la kutafuta ndani ya mwongozo. Anayeandika "stress" hurushwa huku na huko, sura baada ya sura. Anayeandika "Mohr" huangukia kwenye duara la mkazo analolitaka. Mwenye swali la maji ya mfereji huandika "Manning". Mtanzania ana mtego wake: shuleni alifundishwa Kiingereza cha Waingereza, naye akiandika "centre" hapati kitu, kwa sababu mwongozo unasema "center".

Nyumbani hali ni nyingine. Katika hisabati ya Kidato cha Nne, baraza la mitihani, NECTA, huruhusu kijitabu chembamba cha majedwali, basi. Chuoni, kurasa nyingi za kidijitali humngoja mwanafunzi kabla ya mtihani, kwenye kundi la WhatsApp la darasa: madesa, yaani notisi, ya muhula mzima, yamepigwa picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, mengine yamelala ubavu. Ukitafuta neno, simu inajibu kuwa halipo, ingawa unaliona kwa macho yako. Ile ni picha. Utafutaji wa kawaida hauoni herufi ndani yake.

Dawa ipo, tena haina gharama. Picha za maandishi ya chapa zikipitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, kama iliyomo ndani ya Google Drive, maneno huanza kutafutika. Mwandiko wa mkono ndio husumbua. Desa linalochapwa upya kwenye Word hupewa vichwa kwa mitindo ya "Heading", si kwa kukoleza wino tu. Hapo orodha ya yaliyomo hujitengeneza, na kila mstari wake ukiguswa humpeleka msomaji kwenye mada. Wakati wa kuhifadhi kama PDF, kuna kisanduku cha kuwekea alamisho. Kikisahaulika, vichwa havitokei pembeni.

CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwenye subira huimaliza kazi hiyo kwa jioni chache, akalirudisha faili kundini. Mwenzao aliye Texas, ambaye hakuwahi kujitoa kwenye kundi, naye hulipakua: ndani yake mna mekaniki ya mwaka wa pili, anayotaka kuikumbuka kabla ya kwenda kuandika "Mohr".